Kitambaa Kwenye Dumu

Jambo lililomkera Zeinab si kuondoka kwa Awil. Wanaume wa Garissa huondoka, ndiyo desturi yao. Leo yuko mjini, kesho yuko na ngamia. Kilichomkera ni ile furaha. Mtu anakwenda kujiua, jamani, na meno yote yako nje!

"Hebu rudia," alisema. "Rudia nisikie vizuri."

"Hooyo amesema niende porini kwa adeer Jelle," Awil alisema, akiwataja mama yake na ndugu wa babake kwa Kisomali. "Ninywe maziwa mpaka nijae. Nikirudi na mashavu, atatuma wazee Wajir kwa baba yako. Amesema kwa mdomo wake, Zeinab! Mwaka mzima ameapa hataki mkwe Mborana, leo amelegea. Sasa mbona umenuna kama mtu aliyefiwa?"

"Kwa sababu sitaki kufiwa."

Walikuwa nyuma ya duka la maziwa la Awil na mamake, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, katikati ya madumu ya manjano yaliyooshwa na kupinduliwa yakauke. Kila dumu lilikuwa na kitambaa kilichofungwa kwenye mkono wake wa kushikia, kwa maana hivyo ndivyo madumu yanavyotambulika: kila zizi porini lina kitambaa chake, na madumu ya Jelle siku zote yalifungwa kipande cha shuka jeusi. Joto lilikuwa limetulia juu ya mji kama sufuria iliyofunikwa. Juu ya paa la bati walisimama korongo wawili, wale wakubwa wenye upara ambao Garissa nzima imewazoea. Zeinab naye alikuwa amewazoea, ila leo hakupenda jinsi walivyokuwa wakimtazama Awil.

Hawa wawili walikutana kwa utani, na ule utani ulikuwa mbaya. Zeinab alikuwa muuguzi katika kituo kidogo cha utafiti, mahali ambapo walichunguza kwa nini vijana wembamba wa jamii za wafugaji, watu ambao hata kitambi hawakijui, wanaugua sukari, na kama maziwa ya ngamia yanawasaidia. Awil ndiye aliyewauzia maziwa hayo. Siku moja akaweka dumu chini, akanyoosha kidole. "Nichome na mimi, dada. Watu husema mimi ni mtamu, tuone kama ni kweli." Zeinab akacheka, akamchoma, akasubiri kipimo. Kipimo kilipotoa jibu, sukari ilikuwa juu mno, na hakucheka tena.

Basi akawa ndiye anayemfundisha. Alimfundisha kupiga sindano kwa kutumia chungwa, kisha kwenye tumbo lake mwenyewe, na mapenzi yakaingia hapo hapo, katikati ya pamba na spiriti. Hajawahi kumshika mkono bila glavu. Walizungumza Kiswahili, yeye Mborana na Awil Msomali, na Kiswahili kiliwafaa sana: hakikuwa lugha ya mama wa yeyote kati yao, kwa hiyo hakuna mama aliyeweza kuwaingilia.

Lakini Awil alimwapisha. Mamake asijue. Babake, marehemu Abdisalam, alifia porini kwa ngamia Awil akiwa bado hajajua kufunga kikoi. Watu walisema alipigwa na upepo mbaya. Alikonda, akawa anakunywa maji kama ngamia aliyefika kisimani, kisha akalala na hakuamka. Tangu hapo, Mama Fatumo hakutaka kusikia neno ugonjwa likitajwa pamoja na jina la mwanawe. Na hata bila kiapo cha Awil, kazi ya Zeinab ilikuwa na kiapo chake: kilichoonekana kwenye damu ya mtu ni cha mtu huyo peke yake.

"Nenda," Zeinab alisema sasa. "Nenda unywe maziwa, sikukatazi. Ila dawa uende nayo."

Awil akaangalia madumu.

"Awil."

"Kule tunalala mkeka mmoja, Zeinab. Wanaume wote pamoja, nje, chini ya mti mmoja. Nitajificha wapi? Mtu akiniona najichoma tumboni, jioni habari ziko Dadaab, kesho ziko kwa hooyo. Halafu nani atatuma wazee Wajir? Na baba yako naye, atampa binti yake mtu wa sindano?"

"Baba yangu atampa binti yake mtu aliye hai."

"Wewe mwenyewe ulisema maziwa yanafanya kazi." Aliyasema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma Zeinab. "Ulikuja hapa mbio, mtandio unapepea, ukaniambia wale wa maziwa sukari yao imeshuka. Nakumbuka. Ulikuwa mzuri siku hiyo mpaka nikamwagia mteja maziwa miguuni."

Zeinab alikumbuka pia. Daktari Shuaib, mkuu wao, alikuwa amewakanya: matokeo ya nusu njia hayatoki nje ya mlango. Naye akayatoa, kwa sababu penzi ni kikohozi, na habari njema ikimkuta mtu anayependa haikai tumboni.

"Walikunywa maziwa na wakachoma sindano," alisema, akitamka kila neno polepole. "Vyote viwili, Awil. Hakuna hata mmoja tuliyemwachisha dawa. Maziwa ni msaidizi, si mwenye nyumba. Mwili wako hautengenezi kabisa insulini, ile inayoshusha sukari. Ukiacha kuchoma, damu inageuka sumu. Utakunywa maji na kiu haitaisha. Utatapika. Utalala."

"Unanitisha."

"Nakutisha, ndiyo! Tishika basi!"

Alikuwa amepaza sauti. Pazia la duka likafunguka, na Mama Fatumo akatokea, mrefu, mweusi wa kung'aa, baibui limeshikwa kwa mkono mmoja. Aliwatazama wote wawili, akamalizia kwa Zeinab. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kikali, kisichozunguka.

"Wewe tena? Unapigia mtoto yangu kelele?"

"Salaam aleikum, Mama. Samahani."

"Aleikum salaam. Nyinyi watu ya sindano, mnatoa mtoto ya watu damu kila siku, halafu mnauliza kwa nini imekonda. Angalia yeye. Angalia shingo." Akamgeukia Awil, na sauti yake ikabadilika yote, ikawa asali. "Hooyo, gari iko tayari. Umekula?"

Hooyo maana yake ni mama, lakini akina mama wa Kisomali humrudishia mtoto neno hilo hilo, humwita mtoto wao "hooyo" kwa mapenzi. Zeinab aliyajua hayo. Kila aliposikia Mama Fatumo akimwita Awil hivyo, alikuwa kama mtu anayesimama dirishani kwa watu akinusa chakula chao. Zeinab mwenyewe mama huyu alimwita tu "wewe."

"Mama Fatumo," Zeinab alianza.

Awil akainua macho. Alimtazama, na katika mtazamo ule mlikuwa na kila kitu: harusi, wazee wakishuka Wajir, nyumba yao, watoto. Macho yake yalimwomba kama ombaomba.

"Sema," Mama Fatumo alisema. "Unataka kusema nini?"

Zeinab alihisi maneno yamejaa mdomoni. Alifikiri kiapo cha kazi, akafikiri kiapo cha mapenzi, na Mungu amsamehe, akafikiri pia wale wazee. Yeye ni binadamu. Mwaka mzima amemngoja mama huyu alegee.

"Nilitaka kusema, safari njema," alisema.

Mama Fatumo akaguna, akarudi ndani. Zeinab akavua mtandio wake wa ziada, wa kijani wenye maua ya njano, ule ambao Awil aliupenda, akauchovya kwenye ndoo ya maji. Akazitoa chupa ndogo za insulini kwenye jokofu la maziwa lililokuwa pale nyuma, ambako Awil alizificha, akazifunga ndani ya mtandio na kuziweka kwenye chungu kidogo cha udongo, na sindano akazitia kwenye mfuko pembeni.

"Kitambaa hiki kisikauke," alimwambia. "Asubuhi na jioni kiloweshe. Kikikauka, joto litaua dawa. Ukitaka kuchoma, sema unakwenda haja. Wanaume wote huenda haja, hakuna atakayekufuata. Niahidi."

"Nakuahidi."

"Sema wallahi."

Awil alikipokea chungu kwa mikono miwili. Akakitazama, akamtazama yeye. "Nikirudi," alisema, "nitakuwa mnene mpaka utanikataa."

Akacheka, akaenda. Gari la maziwa likaondoka na vumbi lake, na Zeinab akabaki amesimama, anatikisa kichwa. Ilimchukua muda kutambua kwamba lile wallahi hakulisikia.

Siku zikaanza kupita, zile siku za kumsubiri mtu ambazo zinajivuta kama kilema. Porini mtandao ulipatikana juu ya kichuguu kimoja tu, na Awil alipokipanda siku ya kwanza alisema yuko salama. Siku iliyofuata pia akasema yuko salama. Kisha akanyamaza. Zeinab akajipa moyo: labda betri imekwisha, labda ngamia wamesogea. Kazini alikuwa akichanganya majina ya wagonjwa mpaka Daktari Shuaib akamuuliza kama amelala. Nyumbani chai ilimpoa mkononi. Usimcheke, msomaji; kama hujawahi kumngojea mtu anayekunywa sumu kwa furaha, shukuru Mola wako.

Asubuhi moja akaenda sokoni kupokea maziwa ya kituo. Gari lilikuwa limeshafika, na akina mama wa maziwa walikuwa wakishusha madumu, kila mmoja akichagua kwa vitambaa: chekundu huyu, cheupe yule. Walipomwona, wakaanza kusukumana na kucheka.

"Zeinab! Njoo upokee salamu zako!"

"Leo kuna mtu ametuma moyo wake na maziwa!"

Mmoja akainua dumu juu ili wote waone. Lilikuwa dumu la Jelle. Lakini mkononi mwake hapakuwa na shuka jeusi. Palikuwa na mtandio wa kijani wenye maua ya njano, umefungwa fundo zuri, ncha zake zikipepea.

"Wallahi huyu kijana anajua kupenda," mama yule alisema. "Mume wangu hajanifungia hata kamba!"

Wote wakacheka. Zeinab alisogea akaushika mtandio. Ulikuwa mkavu, mkavu kabisa, na moto wa jua la njiani. Awil alikuwa ameufungua kwenye dawa, akaufunga kwenye dumu ili kumwambia kwamba anamuwaza. Alikuwa amemtumia penzi lake lote, na hakujua kwamba alichokuwa anamtumia ni habari ya kifo chake.

"Dereva," alisema, na sauti yake haikuwa yake. "Awil umemwona leo?"

"Awil?" Dereva alikuwa akihesabu madumu yaliyobaki. "Yupo. Amepumzika. Wanasema maziwa yamemlewesha, analala tu."

"Anakula?"

"Anatapika kidogo. Ni kawaida, mtu wa mjini akikutana na maziwa ya kweli lazima yamsafishe tumbo. Ila maji, eh! Huyo jamaa anakunywa maji! Jelle analalamika atamaliza pipa."

Kicheko cha akina mama kilikuwa bado kinaendelea nyuma yake. Zeinab hakukisikia tena. Alikuwa anakimbia.

Mama Fatumo alikuwa uani kwake, mtaa wa Bulla Iftin, anapepeta mchele. Alimwona Zeinab akiingia bila kubisha, mtandio wa kijani mkononi, na ungo ukasimama.

"Nini sasa?"

"Mama, Awil anaumwa."

"Nani amesema? Awil iko kwa ngamia. Iko vizuri."

"Ana sukari, Mama. Ana sukari tangu mwaka jana. Alikuwa anaishi kwa sindano, na sindano ameziacha. Amekunywa maziwa tu. Mimi ndiye niliyempima, mimi ndiye niliyemfundisha, na mimi ndiye niliyemwambia maziwa yanasaidia. Alisikia nusu, akaenda nayo. Nichukie kesho. Leo tumtoe kule."

Yote yalimtoka kwa pumzi moja. Hapo hapo alijua ameizika harusi yake. Wazee hawatatumwa Wajir. Kazi nayo ikisikika ataipoteza. Hakujali, alimtaka Awil awe mzima, hata kama mzima huyo atakuwa wa mwanamke mwingine.

Mama Fatumo akainuka taratibu. "Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na siku ile dukani, mimi nilikuuliza. Nilisema, sema. Wewe ukaniambia safari njema."

"Ndiyo, Mama."

"Ukaangalia mimi natuma mtoto yangu."

Machozi yalikuwa yakimtiririka Zeinab na hakuyafuta. "Nilimwapia," alisema. "Nilimwapia kwa sababu nampenda. Niliogopa utanikataa. Mama, hakuna wakati. Anakunywa maji na kiu haiishi. Anatapika, analala mchana. Kinachofuata ni pumzi. Atapumua kwa nguvu kama mtu aliyepanda mlima, na pumzi itanukia utamu, kama tunda lililoiva mno. Pumzi ikishanukia hivyo..."

Hakumaliza, kwa sababu uso wa Mama Fatumo ulikuwa umebadilika. Hasira ilikuwa imeondoka yote. Mwanamke yule mrefu alikuwa ameshika nguzo ya jiko kana kwamba ardhi imesogea.

"Kama embe," alisema polepole. "Embe imeoza kidogo."

"Ndiyo, Mama. Umejuaje?"

"Abdisalam." Alitamka jina la marehemu mumewe kama anamwita mtu aliye chumba cha pili. "Nilifika kule, iko hai bado. Iko nanukia hivyo. Wazee wakasema ni jini, jini wanapenda marashi. Mimi nikaamini. Nikampa maziwa. Kwa mkono yangu hii, nikampa maziwa na asali, nikamwambia kunywa."

Akautazama mkono wake. Zeinab akataka kuushika, akaogopa.

Mama Fatumo akatoa simu kwenye mfuko wa gauni. Alipiga, ikakatika. Akapiga tena. Zeinab alisimama akiomba dua zote alizozijua, kwa Kiarabu, kwa Kiborana, kwa lolote. Hatimaye sauti ya mwanaume ikasikika, ya mbali, upepo ukiikata. Ni Jelle, juu ya kichuguu. Wakazungumza Kisomali, ambacho Zeinab alikielewa kuliko alivyokisema.

"Jelle, mwanangu yuko wapi?"

"Amelala, Fatumo. Tumemwekea kivuli."

"Ulipomwacha, alikuwa anapumuaje?"

Upepo tu.

"Jelle! Nakuuliza kwa jina la Mungu. Umemsogelea? Umemnusa?"

Hatimaye Jelle akasema, na ilisikika wazi kwamba analia:

"Nimepanda hapa tangu alfajiri, Fatumo. Nimekaa na simu mkononi. Sikujua nitakuambiaje. Ni harufu ile ile. Harufu ya ndugu yangu."

Mama Fatumo akafumba macho. Alipoyafumbua, alimnyooshea Zeinab simu. "Mwambie. Mwambie afanye nini."

Zeinab aliipokea, na Kisomali chake kibovu kikatoka bila aibu. "Adeer, maziwa basi. Usimpe tena. Akiamka mpe maji kidogo kidogo. Mpakie ngamia, mfunge asianguke, anza kuja barabarani upande wa Dagahaley. Kuna zahanati. Sisi tunakuja na dawa. Adeer, zungumza naye njiani. Mwambie..." Akautazama mtandio. "Mwambie kitambaa nimekipata."

Gari la maziwa bado lilikuwa sokoni. Zeinab alikimbilia kituoni akabeba kisanduku cha barafu, insulini na chupa za maji ya mishipani, na Daktari Shuaib, alipouona uso wake, alimpisha mlangoni bila kuuliza. Aliporudi, dereva alikuwa ameshawasha injini. Korongo walikuwa juu ya paa la duka, kimya, shingo ndani ya mabawa. Mama Fatumo alikuwa amekaa mbele, baibui limefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda kuchimba kisima. Mlango upande wake ulikuwa wazi.

Zeinab alisita hapo chini, kisanduku kifuani. Hakujua kama anakaribishwa au kama amevumiliwa tu. Alitaka kuzunguka akakae nyuma na madumu matupu.

Mama Fatumo akasogea kumpa nafasi, akamnyooshea mkono, ule ule aliokuwa akiutazama kule uani.

"Panda, hooyo," alisema. "Panda haraka."

Zeinab akapanda. Mwaka mzima alikuwa amelitamani neno lile, akalirudia peke yake usiku kwa sauti ya mama yule. Sasa alikuwa amepewa, na angelirudisha pale pale kama mtu angemhakikishia kwamba Awil bado anapumua.